Maziwa ya Masika

Kwa miaka thelathini na ushei nilisimama mbele ya ubao nikiwaeleza watoto wa darasa la tano kwa nini maziwa huharibika. Somo hilo naweza kulifundisha nikiwa usingizini. Ndani ya maziwa mna sukari, nilikuwa nikiandika kwa chaki, na kuna vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo vinaipenda sukari hiyo kuliko ninyi mnavyopenda ubuyu. Vinaila, vinazaana, vinaacha asidi, na asidi ndiyo inayoyafanya maziwa yakatike na kuwa machachu. Vingine vinashambulia mafuta, na vingine ile sehemu ya maziwa inayojenga mwili, na hapo ndipo inapotoka harufu mbaya. Watoto walikuwa wakiziba pua na kucheka. Mwisho wa kipindi niliwauliza vijidudu hivyo vinatoka wapi, nao wakajibu kwa pamoja, kama watu wanaoitikia dua: mikono michafu, vyombo vichafu, maji machafu. Nikawapa kazi ya nyumbani, nikaenda zangu ofisini kunywa chai.

Naanza na hilo ili msije mkanihurumia bure. Mambo niliyoyafanya masika ile sikuyafanya kwa kutokujua.

Nilipostaafu nilikuwa tayari na nyumba yangu Nangurukuru, nyuma kidogo ya barabara kuu, mahali ambapo mabasi ya Lindi unayasikia lakini vumbi lake halikufikii. Baada ya muda nikamleta mama yangu mzazi kutoka kijijini kwake, huko milimani upande wa Kipatimu. Macho yalikuwa yameanza kumwacha. Meno yalikuwa yamebaki mawili, ambayo mwenyewe alisema yamebaki kwa ukaidi tu. Chakula kigumu akakisusa, samaki akawa anamnusa na kumsifia bila kumla. Kitu pekee kilichokuwa kikishuka kooni mwake kwa amani ni maziwa: kikombe asubuhi, kikombe jioni, na katikati uji wa maziwa.

Ajabu ni kwamba sisi si watu wa maziwa. Sisi ni watu wa nazi. Nilipokuwa mtoto, ng'ombe tulikutana naye siku ya Idi, akiwa ameshakuwa kitoweo, na maziwa yalikuwa ya watoto wachanga au ya unga kwenye kopo. Kitu cheupe kilichokuwa jikoni kwetu kila siku kilikuwa tui. Kisha wafugaji wakahamia huku na mifugo yao kutoka mikoa ya mbali. Tukagombana nao kwa sababu ya mashamba, na ugomvi huo haujaisha. Lakini wake zao walianza kuingia mitaani na maziwa kichwani, na barazani kwa wanawake hakuna aliyeuliza habari za mashamba.

Wa mtaa wetu alikuwa mwanamke mrefu, wa makamo, mwenye mwendo wa mtu aliyezoea kwenda mbali. Tulimwita mama wa maziwa na yeye akaitika. Alipofika kwangu mara ya kwanza alikuwa na kibuyu. Nilimimina kidogo kwenye kiganja, nikaonja, nikakunja uso.

"Haya mbona yana moshi?"

"Ni kibuyu, mwalimu," akasema. "Tunakifukiza kwa kijinga cha moto. Ndiyo usafi wetu."

"Usafi ni maji ya moto na sabuni," nikamwambia. "Mama yangu ni mzee, hawezi kunywa moshi."

Hakubisha. Juma lililofuata alikuja na dumu jeupe jipya, lenye funiko la bluu, na kuanzia hapo akawa haniletei maziwa kwa chombo kingine. Nilijipongeza kwa hilo. Ualimu ni ugonjwa, mtu hustaafu kazi lakini haponi.

Tulizoeana. Alikuwa akifika jua likiwa bado halijachoma, ananiamkia, naitikia marahaba, kisha anakaa kwenye ngazi akiningoja nilete sufuria. Siku moja nilimuuliza ana ng'ombe wangapi. Akacheka.

"Sina hata mmoja. Ng'ombe ni wa mume wangu, hata huyo ninayemkamua. Akitaka kuuza anauza, haniulizi." Akagusa dumu kwa kidole. "Maziwa ndiyo yangu. Haya hata yeye akitaka ananiomba."

Alisema hivyo kwa fahari, na mimi nilifurahi kumsikia. Nakumbuka nilimsimulia mama jioni ile, tukacheka wote wawili. Nataka hili likae vizuri kichwani mwa msomaji, kwamba nililijua tangu mapema.

Sasa nieleze nilivyokuwa nayaandaa. Yakifika nilikuwa nayachemsha mpaka yanapanda sufuriani, nayaipua, nayaacha yapoe. Yakipoa yanatanda utandu juu, ile ngozi laini ya mafuta. Watu wengine wanagombea utandu. Mama yangu alikuwa anauchukia. Alisema unamkaa kooni kama kipande cha kanga.

"Yachuje," akaniambia siku za mwanzo. "Kifumbu si unacho?"

Kifumbu ninacho, tena alikisuka yeye. Ni kile kifuko cha ukindu, chini kimechongoka, ambacho mama zetu walikuwa wanakijaza nazi iliyokunwa, wanatia maji, wanakamua kwa mikono miwili mpaka tui linatoka na machicha yanabaki ndani. Wengi mtaani wameshahamia kwenye chujio la plastiki. Mimi nilibaki na kifumbu, kwa sababu hicho ndicho kitu cha mwisho mama alichokisuka kabla macho hayajaanza kumtatiza, na msuko wake umekazana hivi kwamba huoni ulipoanzia. Nilikuwa nakamulia tui la mchana, nakisuuza, nakitundika kwenye msumari nje ya dirisha la jiko. Asubuhi yake nachujia maziwa ya mama, nakisuuza tena, nakirudisha kwenye msumari. Kiangazi chote jua lilikikausha mpaka kikawa kinalia kikishikwa. Mama akanywa maziwa yake, mashavu yakajaa kidogo, na mimi nikawa naamka na moyo mweupe.

Kisha masika ikaingia.

Masika ya mwaka ule ilikuja kwa nguvu. Mitaro ikajaa, njia zikawa tope, kuta zikawa zinatoa jasho. Juma la pili la mvua nilimpelekea mama kikombe chake cha jioni, akakisogeza mdomoni, akakirudisha mezani.

"Mwanangu, haya yamekufa."

Nikanusa. Kweli, yalikuwa yananuka. Mtindi una uchachu wake safi, unaokupa hamu ya kula. Hii ilikuwa harufu nzito, ya mafuta yaliyochoka, inayoingia na kukaa nyuma ya pua. Nikamwaga. Nikasema labda sikuyachemsha vizuri. Kesho yake nikayachemsha mara mbili, na jioni yakanuka vilevile. Siku ya tatu hayakufika hata adhuhuri.

Mama akaacha kunywa. Sikumlaumu, lakini nilianza kuogopa. Alikuwa anakunywa chai ya rangi kwa heshima yangu tu, vijiko viwili vitatu, kisha anageukia ukutani. Siku ya tano nikimsaidia kutawadha nilimshika kifundo cha mkono, nikahisi wepesi ambao sikuupenda. Nilitoka uani nikalia kidogo. Nilipomaliza kulia, hasira zikanipanda, na hasira yangu tangu zamani ikipanda haiulizi njia, inakwenda kwa mtu wa kwanza inayemwona.

Nikapiga hesabu kama mwalimu. Maziwa yanaharibika kwa mikono michafu, vyombo vichafu, maji machafu. Mikono yangu ni safi. Sufuria yangu inang'aa. Basi ni huko yanakotoka. Mvua zote hizi, mitaro imejaa, mwanamke anatembea saa nzima porini na dumu kichwani. Nani anamwona akiongeza maji? Nilipofika hapo sikuhitaji ushahidi mwingine. Nililinusa dumu lake asubuhi ile na halikuwa na harufu yoyote, lakini nikajiambia kwamba ameliosha makusudi.

Asubuhi ya siku ya sita mama wa maziwa hakuanzia kwangu. Alianzia barazani kwa jirani yangu anayeuza chai na maandazi, na pale palikuwa na wanawake kama sita na mabakuli yao. Nikatoka na kikombe cha maziwa ya jana, nikakiweka mbele yake.

"Shikamoo mwalimu," akasema.

Sikuitikia. Mtu mzima amekuamkia mbele ya watu nawe hukumwitikia. Kwetu hapo umeshamtukana kabla hujafungua mdomo.

"Nusa," nikasema.

Akanusa. Uso wake ukakunjamana. "Yameharibika haya."

"Yameharibika yenyewe? Umeyatia maji ya mtaroni. Mama yangu siku ya tano leo hali."

"Mwalimu, sijatia maji."

"Kwa hiyo yananuka nini?"

Alifungua dumu, akamimina maziwa kwenye funiko la bluu mpaka likajaa, akanywa yote mbele yetu, polepole, macho yake kwangu. Akafuta mdomo kwa upande wa kiganja. Ningenyamaza hapo. Mpaka leo nikiwaza, naona mahali hasa ambapo ningeweza kunyamaza.

"Wewe utanywa tu," nikasema. "Wewe umezoea uchafu."

Hakuna aliyecheka. Jirani yangu aliangalia maandazi yake. Mama wa maziwa akafunga dumu, akakaza funiko, akainuka. "Haya, mwalimu," akasema, akaenda zake kwenye mvua. Mwanamke mmoja aliyekuwa ameshamiminiwa akayamwaga maziwa yake mtaroni, kimyakimya. Nusu ya wanawake wa mtaa ule nimewafundisha kusoma. Nikisema kitu kinanuka, kinanuka.

Tulisikia kwamba alijaribu mtaa wa pili, lakini maneno yalikuwa yametangulia. Baada ya siku chache hakuonekana tena. Nitasema ukweli: nilijiona nimefanya jambo la maana. Nilijiona nimeuokoa mtaa.

Nikaanza kununua maziwa ya boksi dukani. Nikalifungua la kwanza, nikayapasha moto kwa sababu mama hanywi kitu baridi, yakapoa, yakatanda utandu, nikayachuja, nikayatia kwenye jagi na kulifunika kwa kawa. Asubuhi mama alikunywa nusu kikombe, na nilikaribia kuimba. Alasiri nikafunua jagi.

Ilikuwa harufu ileile. Sikukosea, nilikuwa nimelala nayo siku tano. Nanyi mtadhani hapo ndipo akili ilinirudia. Nilichukua mwavuli nikaenda dukani.

Mwenye duka ni mtu mpole, mwenye ndevu nyeupe, nilimsomeshea watoto wake wote. Akanisikiliza mpaka mwisho, maana nilikuwa na mengi. Hakusema mimi ni mwongo wala hakusema maziwa yake ni mazuri. Alichukua boksi lingine kutoka kwenye katoni ileile, akalikata pembe kwa mkasi, akajimiminia kikombe, akanywa chote mbele yangu.

"Haya ni mazima, mwalimu," akasema, akafuta ndevu. "Chukua hili, ukajaribu tena."

Nilimwona anavyofuta mdomo, nikaona funiko la bluu. Nikachukua boksi, nikafungua mwavuli.

Nilirudi nyumbani taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu masika ianze nilifanya kile nilichokuwa nikiwafundisha watoto. Nilifanya jaribio. Nilipasha maziwa yale kwenye sufuria moja, nikayaacha yapoe, nikayagawa kwenye vikombe viwili vilivyofanana. Cha kwanza niliuondoa utandu kwa kijiko kilichotoka kwenye maji yanayochemka. Cha pili nilikichuja kwa kifumbu kama kawaida. Nikavifunika vyote, nikaviweka kwenye meza moja, nikakaa navyo chumba kimoja mpaka alasiri, nikisali adhuhuri yangu palepale pembeni. Nadhani nilishajua jibu.

Cha kwanza kilikuwa kitamu. Cha pili sikuhitaji kukisogeza karibu.

Nikatoka nje, nikakitoa kifumbu kwenye msumari. Kilikuwa na unyevu, kizito kidogo. Nikakigeuza ndani nje, jambo ambalo si rahisi kwa msuko uliokaza vile, nikaona katikati ya ukindu machicha ya nazi yaliyojipachika, madogo kama chembe za mchanga, mengine yameshakuwa ya kijivu. Mafuta ya nazi yalikuwa yameganda kwenye kila mkunjo. Nikaingiza pua. Miaka sitini na kitu pua yangu imeishi na nazi, nazi mbichi, nazi ya jana, nazi ya juzi. Ilikuwa haijui tena kuiita nazi uchafu. Kiangazi jua lilikuwa linanisaidia kazi bila mimi kujua. Masika jua halikuwapo, na wale vijidudu wa somo langu walikuwa wamepata nyumba ya joto, yenye unyevu na chakula tele, na kila asubuhi mimi mwenyewe nilikuwa nawapelekea maziwa yaliyochemshwa vizuri wajichukulie.

Mikono michafu, vyombo vichafu, maji machafu. Nilikaa kwenye kigoda nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mama alinisikia nimenyamaza sana. Akapapasa ukuta mpaka mlangoni. "Kuna nini?"

Nikamwambia. Sikutaka kumwambia kuhusu kifumbu chake, lakini mama hafichwi kitu, hata macho yakiwa hayamwoni mtu. Akanyoosha mkono nikampa. Akakipapasa, akakinusa, akasema jambo kwa Kimatumbi, kama anavyofanya akikasirika, kisha akanirudia kwa Kiswahili.

"Ulikuwa unakitundika wapi?"

"Nje, kwenye msumari."

"Masika?" Akatikisa kichwa. "Kifumbu masika kinakaa juu ya mafiga, we mtoto. Kwenye moshi. Hujaona kwangu vilivyokuwa vyeusi? Moshi ndio uliokuwa unavitunza."

Nikaliangalia jiko langu. Lina mtungi wa gesi na vigae vyeupe, na halina moshi hata wa kutoa machozi. Nikakumbuka kibuyu, na kiganja changu, na uso niliokunja. Nilitaka ardhi ipasuke.

Kesho yake asubuhi nilianzia kwa jirani yangu wa maandazi. Nikasimama palepale nilipokuwa nimesimama, nikasema kwa sauti ileile kwamba maziwa ya yule mama hayakuwa na kosa, kosa lilikuwa la kifumbu changu. Nilikuwa nimekileta, nikawapitishia wanuse. Wakanusa, wakaguna. Mmoja akasema, "Mwalimu una roho nzuri, unamfichia aibu." Nikarudia. Mwingine akasema mbona hata yeye siku zile aliona maziwa yale yana kitu, alikuwa anaona haya kusema. Nikamjibu kwa ukali kwamba hakuona chochote, aliona baada ya kuambiwa na mimi. Nilipita nyumba zote nilizozijua, na kila mahali nilipokewa vizuri, nikakaribishwa chai, na sikuwa na uhakika kwamba nimeaminiwa. Siku ile ya kumharibia jina nilikuwa nimetumia sentensi chache tu.

Mvua ilipokatika kidogo nilipanda bodaboda kwenda kumtafuta. Kijana wa bodaboda alinifikisha mwisho wa njia inayopitika, akanionyesha kijia kinachopita kwenye mikorosho ya watu. Nilivua viatu nikavishika mkononi. Nilitembea muda mrefu kwenye tope, na kila nilipochoka nilikuwa nawaza kwamba yeye njia hii aliipita kila siku, kwenda na kurudi, ili mama yangu apate kikombe chake. Nilipofika bomani kwao nguo zilikuwa na tope mpaka magotini.

Alikuwa anafagia zizi la ndama. Aliniona, akaweka ufagio, akaja.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba," nikasema.

Alinipa kigoda, akanipa maji ya kunawa miguu. Hakuniuliza nimefuata nini. Nikamwambia yote bila kujipamba: kifumbu, machicha, boksi la dukani, vikombe viwili. Nikamwambia lile neno la uchafu lilikuwa langu na naomba anisamehe. Alisikiliza huku akichora chini kwa kijiti.

"Dumu lile," akasema, "nilikuwa naliosha kwa maji yanayochemka. Kila jioni. Naligeuza, nalianika juu ya chanja, nafunika kwa kitambaa nzi wasikae. Unajua nani alinifundisha?"

Nikatikisa kichwa.

"Binti yangu. Alirudi na somo hilo kutoka shuleni, darasa la tano. Akawa hataki hata nishike chombo cha maziwa kabla sijanawa. Nikimwambia mambo haya mama zetu hawakuyafanya, ananijibu, mwalimu kasema."

Sikumkumbuka binti huyo. Nilijitahidi pale pale kumkumbuka, mtoto mrefu labda, wa dawati la nyuma, na haikuwezekana. Wamepita wengi. Nilitazama chini, machozi yakawa yanadondoka kwenye tope la miguu yangu, na sikuyafuta.

Nilimuuliza maziwa anayapeleka wapi siku hizi. Akasema mengine wanakunywa, mengine anagandisha mtindi, yanayobaki wanapewa mbwa. Mumewe amesema kama hayauziki basi asikamue sana, awaachie ndama. Alisema hivyo bila uchungu wowote kwenye sauti, na ndiyo maana niliusikia.

Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na kibuyu. Akanimiminia mtindi kwenye kikombe cha bati. Ulikuwa mzito, mweupe, wenye chembe ndogo nyeusi za mkaa na harufu ya moshi. Ulikuwa umekaa siku tatu. Nimefundisha kwamba maziwa yakikaa siku tatu bila kuchemshwa ni ya kumwaga. Niliunywa wote, na ulikuwa mtamu, nikaomba mwingine. Akacheka, kwa mara ya kwanza.

"Mama yako anakunywa nini sasa?" akauliza.

"Ya boksi. Hayapendi. Anasema yana ladha ya karatasi."

Siku ya tatu asubuhi, mvua ikiwa inanyunya, nilisikia hodi, na mama kutoka kitandani kwake akasema, "Huyo ni yeye," maana alishamjua kwa hatua.

Mtaani ilichukua muda. Nilikuwa nasimama barazani na sufuria yangu kila asubuhi, nachukua maziwa mbele ya watu, na jirani wa maandazi akawa wa kwanza kurudi, kisha mwingine. Wawili hawajarudi mpaka leo, na wakikutana nami njiani wananisifu kwa roho yangu nzuri. Mama ameongezeka. Kifumbu chake kipo, kinakamua tui tu, na kila nikimaliza nakichemsha, kisha nakipeleka kwa jirani anayepikia kuni nikitundike juu ya moto wake. Maziwa ya mama natoa utandu kwa kijiko.

Naye mama wa maziwa ni yuleyule. Ananiamkia, anakaa kwenye ngazi, tunaongea habari za binti yake ambaye yuko sekondari sasa. Kimoja tu kimebadilika. Kabla hajanimiminia, anafungua dumu, anajaza funiko la bluu, anakunywa mbele yangu mpaka tone la mwisho, anafuta mdomo. Siku za mwanzo nilidhani atasahau. Kisha nikamwambia, dada yangu, hilo halina haja, mimi nakuamini.

"Najua, mwalimu," akasema, akanywa.

Ndivyo anavyofanya mpaka leo asubuhi. Mimi nasimama na sufuria yangu mkononi, nasubiri amalize.